Punda wa Chini ya Kiti cha Enzi

Aliyekipindua kiti ni Salma, binti wa binamu yangu, na wala hakukusudia. Tulikuwa Amu, yaani Lamu, kwa hitima ya shangazi yangu, Bi Mwanaisha. Qur'ani ilikuwa imesomwa, pilau imeliwa, na jamaa walikwisha kufika kwenye lile jambo ambalo watu hulifikia upesi kuliko wanavyopenda kukiri, la nani achukue nini. Kiti cha enzi, kile kikubwa cheusi chenye mgongo wa kamba zilizosukwa na vipande vya pembe, kilikuwa kishushwe kutoka ghorofani ili chumba kipakwe chokaa. Salma akakamata upande mmoja, akakilaza kipite mlangoni, akatupa jicho chini ya ubao wa kukalia, akaangua kicheko kisichofaa nyumba yenye msiba. "Aunty, cheki hii! Nani alichora punda huku chini?" Simu ilikwisha kutoka mkobani. Nikamwambia airudishe. Akanitazama, akauliza kwani punda huyo ana maana gani. Mimi niliyefanya kazi ya ukunga maisha yangu yote, niliyeona damu na kusikia mayowe ya kila namna mkono usitikisike, nikaketi kwenye ngazi nikalia kama mtoto mdogo.

Watu siku hizi wanapenda nakshi ziwe na maana. Pita barabara ya pwani pale Amu asubuhi yoyote utawasikia vijana wanaotembeza wageni: mnyororo huu kwenye mlango maana yake ni usalama, ua hili maana yake ni uzazi, samaki huyu maana yake ni riziki. Kesho yake kijana yuleyule, mlango uleule, mnyororo umekuwa utumwa na samaki amekuwa mtume fulani. Mgeni anaandika, anapiga picha, anashukuru. Siwalaumu, kila mtu na kazi yake. Ila nakumbuka kwamba tulipokuwa wadogo hakuna aliyeuliza ua la mlangoni linasema nini. Ungemuuliza fundi angekujibu ni nakshi, na angekutazama kama uliyeuliza pilipili inasema nini. Nakshi ilikuwa mlango umependeza, basi. Maana niliitafuta kwa nakshi moja tu katika maisha yangu, na niliitafuta kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilikuwa nimefungiwa.

Habari za wazazi wangu na kwa nini walikubali nitaziruka, maana wote wamekwenda mbele ya haki na hawawezi kunijibu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Posa ilikuja, ikapokewa, nikatolewa shuleni, nikapelekwa kwa Shangazi. Yeye alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, na nyumba ile ilikuwa yake kutoka kwa mama yake na ingekuwa yangu baada yake. Kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe, kwa hiyo msichana aliyepangiwa nyumba amepangiwa pia pa kufia. Mchumba mwenyewe sikuwahi kumwona ila kwa mbali. Alikuwa Uarabuni akifanya kazi, na ilisemekana atarudi baada ya Maulidi, basi mpaka Maulidi mimi nitawe ndani, nisionwe na jua wala na mtu. Shangazi alinipokea mlangoni, akanivua buibui yangu kwa mikono yake, akaikunja, akaiweka kwenye sanduku lake na ufunguo akauingiza kifuani. Alisema kwa upole kabisa, "Hapa huna haya nayo tena. Mwana wali hatoki nde." Kwa Kiamu chake, yaani sina haja nayo tena, mwari hatoki nje.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, kuta nene za mawe, na ukutani zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja na bakuli lake la zamani ambalo halikuwahi kutiwa chakula. Dirisha lilikuwa moja, lenye vijiti vilivyopishana, na kwalo hungeona mtu mzima. Ulikuwa unaona kipande cha kofia, kisha kipande cha bega, kisha matako ya punda. Njia ya chini ilikuwa nyembamba, na punda walipita wakiwa wamesheheni mawe na mchanga, na wanaume nyuma yao wakipiga kelele watu wapishe. Nikazijua sauti za punda kuliko za watu. Nikajua yupi anachechemea. Asubuhi tulikula mkate wa mofa na chai ya tangawizi, mchana wali na samaki wa kupaka, jioni kilichobaki cha mchana. Shangazi alikuwa mpishi hodari na mimi nilikuwa na njaa, na hata hivyo nilihesabu kila tonge, kwa kuwa nilijua ninanenepeshwa. Niliichukia nyumba ile. Niliuchukia hata ubaridi wake, ambao watu wa nje wanausifu.

Shangazi hakuwa mkali. Ningependa niseme alikuwa mkali, ingekuwa rahisi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyekaa kwenye jamvi mchana kutwa akichana miyaa kwa kisu chake kidogo chenye mpini wa mti, akisuka ukili wa mikeka, na kichwa chake amekifunga kwa leso mpaka chini ya masikio, hata jikoni, hata wakati wa joto ambapo mimi nilikuwa natamani kuvua ngozi. Nikadhani ni ucha Mungu. Majirani walikuja alasiri wakazungumza naye chumba cha pili, na mimi nikasikiliza mambo yangu yakipangwa: nguo gani, udi gani, nani ataimba. Walinitaja kama kitu kilichowekwa stoo. Nikitembea, mbao za dari ya chumba cha chini zililia, na sauti ya Shangazi ikaja palepale: "Keti kitako, mwanangu."

Kiti cha enzi kilikaa mwisho wa chumba, kinatazama kitanda. Hakikuwa cha kukaliwa na mtu yeyote. Kwetu bwana harusi anapoingia huketishwa hapo kwanza, akaoshwa miguu, akalishwa, na mpaka aketi hajahesabiwa kuwa ameingia nyumba. Babu ya Shangazi alikalia, baba yake alikalia, mumewe alikalia. Baada ya hapo kiti hufunikwa shuka jeupe, kikasubiri mwingine. Kazi yangu ilikuwa kukifuta vumbi na kukipaka mafuta ya nazi, kazi ya muda mfupi ambayo nilijifunza kuirefusha. Fundi alipokuja kusuka upya kamba za mgongoni, mimi nikiwa nimefichwa nyuma ya pazia, nilimsikia Shangazi akimkataza kukilaza. Fundi akalalamika kwamba afanyaje kazi kiti kimesimama. "Fanya hivyo hivyo," alisema, na akakaa pale kwenye jamvi mpaka yule mtu akamaliza akijipinda kama anayetafuta sindano.

Nilimwona punda kwa sababu ya joto. Kaskazi ilikuwa imekufa, hewa imesimama, na mahali pa baridi kuliko pote chumbani palikuwa sakafu ya chini ya kile kiti, ambapo jua la dirishani halikufika. Nikaingia chini yake, nikalala chali, miguu ikabaki nje. Macho yalipozoea giza nikaona mtu ananitazama. Nilitaka kupiga kelele. Kisha nikaona masikio. Alikuwa punda aliyeketi kama binadamu, magoti mbele, kwato mbili juu ya magoti, anatazama mbele kimya kama aliyepelekwa kupigwa picha. Kwenye kila sikio palikuwa na ua la mviringo. Mstari haukuwa safi kama wa patasi ya fundi. Ulikuwa umekwanguliwa, umerudiwa, umekwanguliwa tena, na nilipopitisha kidole nilihisi mahali ambapo mkono uliteleza. Kwetu sisi sanamu ya kiumbe haichongwi. Milangoni utaona maua, minyororo na vikuba, lakini kitu chenye macho hutakiona. Na huyu alikuwa na macho, tena katika kiti kinachoheshimiwa kuliko vyote nyumbani, mahali ambapo makalio ya mwanamume yatakuwa juu yake moja kwa moja.

Kuanzia siku hiyo nikawa nalala pale kila mchana. Nilikuwa na mwenzangu. Namwambia mambo, namuuliza amefikaje, namuuliza na yeye kafungiwa kwa kosa gani. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na sioni haya kusema kwamba mwaka ule nilizungumza na punda wa mti kuliko nilivyozungumza na mtu wa nyama na damu. Kama si yeye, sijui ningefanya nini na akili yangu.

Mtu wa nyama na damu niliyezungumza naye alikuwa mmoja tu, Mwalimu Nduku. Alitoka bara, Ukambani, akafundisha shule niliyotolewa, na alipanga chumba cha chini katika nyumba hiyohiyo. Kwa kuwa alikuwa mwanamke na kodi yake haikuchelewa, Shangazi alimruhusu kupanda juu siku za mwisho wa juma anifundishe kufuma. Kufuma kwenyewe hakukujua. Alikuja na uzi na sindano ndani ya kikapu, na chini ya uzi kitabu. Nilipomwonyesha punda, alilala chini ya kiti na gauni lake la kanisani, akakaa huko muda mrefu, akatoka na utando wa buibui kwenye nywele. Juma lililofuata akaja na kitabu kikubwa alichoazima kwa padri mmoja, chenye picha za makanisa ya kale ya Ulaya.

"Hebu ona hapa," aliniambia, akinong'ona. "Hivi ni viti vya waimbaji wa kanisa. Ibada zilikuwa ndefu, watu wanasimama usiku na mchana, kwa hivyo kiti kilikuwa cha kukunja. Ukikikunja, huku chini kuna kijibao kidogo, mzee anaegemeza makalio bila mtu kujua kama amekaa. Na chini ya hicho kijibao, fundi amechonga."

Nikaona nguruwe anapiga zumari. Nikaona mbweha amevaa joho anawahubiria bata, na bata wanamsikiliza kwa unyenyekevu mkubwa. Nikaona mke anamburura mume kwa ndevu, na mtu anaumwa jino, na samaki mwenye matiti. Vyote vimechongwa vizuri ajabu, mahali pasipoonekana na mtu.

"Kwa nini wafiche?" nikauliza.

"Wengine wanasema ni mafundisho, kila mnyama ni dhambi yake. Wengine wanasema ni mzaha tu wa mafundi. Mimi naona hivi: hapo juu madhabahuni walichonga malaika kwa sababu waliambiwa. Huku chini walichonga majirani zao." Akafunga kitabu. "Punda kwa wale watu ni mtu mjinga. Mjinga mwenye cheo. Sasa wewe niambie, hiki kiti hukaliwa na nani?"

"Na bwana harusi."

Tulitazamana. Kicheko kilianza puani, tukakizuia kwa leso, kikatushinda, tukajikuta tumeangukiana juu ya jamvi machozi yanatutoka. Sauti ya Shangazi ikatoka jikoni ikiuliza tunacheka nini: "Mnateka nni huko?" Mwalimu akajibu kwamba nimefuma soksi yenye vidole sita.

Maana ile ilinitosha kwa miezi. Nikaamini kwamba fundi fulani wa zamani, aliyeonewa na mwenye nyumba, aliwachora wanaume wote watakaoketi pale, na kwamba huyu wangu wa Uarabuni naye atakuja na joho lake na upanga wake, aketi juu ya sura yake mwenyewe asijue. Nikawa navumilia. Kicheko ni kitu kizuri, lakini nimejifunza kwamba kinaweza pia kukukalisha mahali ambapo ungepaswa kuondoka. Nilikuwa nacheka na bado nanenepa, bado mlango umefungwa, na Maulidi inakuja.

Siku moja ikafika habari kwamba mchumba amepata nafasi katika chombo, na kwamba mama yake, Bi Khadija, atakuja na dada zake kuangalia chumba. Nilimsikia Shangazi akiitikia chumba cha pili, "Wakaribie, wakaribie." Jirani alipoondoka, Shangazi alirudi kwenye jamvi na miyaa yake. Nikasimama mbele yake. Sikuwahi kumjibu vibaya, lakini siku hiyo ulimi ulikatika kamba. Nilimwambia namjua punda aliye chini ya kiti chao cha fahari. Nilimwambia wanaume wao wote wamekalia punda, na marehemu mumewe, Mungu amrehemu, naye alikuwa mmoja wao, punda juu ya punda.

Nilingoja kofi. Hakuinua hata macho. Kisu chake kiliendelea kuchana jani, taratibu, unyuzi mmoja baada ya mwingine.

"Bwana'ngu alikuwa mtu mwema," alisema mwishowe. "Hakunipiga, hakunitukana. Usimuingize." Akaweka unyuzi pamoja na wenzake. "Umelala tini ya kiti kile tangu lini?"

"Tangu joto."

"Tangu joto," akarudia. "Na bado hukuona."

Usiku kucha nililikoroga neno lile kichwani, na asubuhi nikaingia tena chini ya kiti nikatazama: punda, magoti, kwato, maua. Sikuona kipya. Nikalia pale chini kwa hasira, miguu yangu nje, na nilisikia hatua za Shangazi zikija mpaka mlangoni, zikasimama hapo kitambo, zikarudi.

Wageni walikuja baada ya alasiri. Bi Khadija alikuwa mwanamke mnene, mwenye harufu nzuri na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, na nitasema haki yake, hakuwa mbaya. Alinitazama nilivyoketishwa kitandani nimefunikwa gubigubi, akanibusu kichwa, akaniita mwanangu. Dada zake wawili wakahesabu bakuli za kwenye zidaka kwa macho. Kahawa ikanywewa, halwa ikakatwa. Wakasifu shuka, wakasifu kitanda, wakamwuliza Shangazi nguo za mlangoni zimetoka wapi. Kisha Bi Khadija akaenda kwenye kiti, akaondoa shuka, akapiga mkono wa kiti kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua.

"Mashallah. Hiki ndicho cha wazee. Mwanangu ataketi mahali pa haki."

"Ataketi," alisema Shangazi. Akainuka. "Ila ndooni mnisaidie nikilaze. Nataka muone ataketi yuu ya nni."

Walidhani anawaita waje waone ubora wa mti. Wakashika, wakakilaza, na punda akatazama chumba kizima. Chini dirishani mtu alikuwa anapigia kelele punda wake. Mmoja wa wale dada akasema "Audhubillahi" kwa sauti ndogo.

"Nani aliyeweka sanamu hini?" Bi Khadija aliuliza. "Ni nani huyu?"

Shangazi akafungua leso yake. Mwaka mzima sikuwahi kumwona bila leso. Nywele zilikuwa nyeupe, zimesukwa mabutu, na masikio yalikuwa yananing'inia, ndewe zimetobolewa na kutanuliwa kwa matundu makubwa ambamo kidole gumba kingepita. Wanawake wa rika lake walivaa majasi hapo, yale maduara ya dhahabu au ya karatasi iliyokunjwa ya rangi, alama ya mke wa mtu au ya mwari anayeandaliwa kuolewa. Akashika sikio lake moja, akainama, akaweka kidole kwenye sikio la punda.

"Hayo si mauwa," alisema, na nilijua anasema nami, ingawa alimtazama Bi Khadija. "Ni majasi. Huyu ni mimi. Nalikuwa sijatimia miaka kumi na mine, nimefungiwa chumba hiki, mwaka, kama huyo aliyeketi pale. Nikalala tini hapo na kisu cha kuchania miyaa, nikajikata mwenyewe kwenye mti kidogo kidogo, mpaka siku walipokuya na bwana. Wakamuweka yuu, mimi niko tini. Kila mtu akafurahi."

Bi Khadija alikuwa mwanamke wa rika lilelile. Nilimwona mkono wake ukipanda polepole, ukagusa sikio lake chini ya mtandio, ukashuka. Kwa muda nilidhani atasema jambo jingine. Lakini alikuwa na dada zake pembeni, na mtoto wake njiani.

"Wa kae wamepita, Mwanaisha," alisema, akiwataja watu wa kale, kwa sauti ya chini kuliko aliyokuja nayo. "Sote tulipita hapo. Mwite fundi aikwangue, mambo yaishe. Mwanangu hatoketi yuu ya sanamu."

"Haikwanguliwi."

"Basi toa kiti kingine."

"Nyumba hini haina kiti kingine. Asiyeketi hiki hakuingia. Mwayua nyote."

"Basi mwanangu hatoketi."

"Basi," alisema Shangazi, "hatoketi."

Niliketi kitandani nimefunikwa, na chini ya kile kitambaa mdomo wangu ulikuwa wazi. Walivaa buibui zao. Bi Khadija alikuwa wa mwisho kutoka, na mlangoni aligeuka akamtazama punda tena, si kwa chuki. Sahani ya halwa ilibaki katikati ya jamvi, imekatwa vizuri, haikuguswa ila upande mmoja. Shangazi alikusanya vikombe, akaviosha kimoja kimoja, akavifuta, akavirudisha mahali pake. Hakunitazama. Nilitaka kumkumbatia na niliogopa. Magharibi ilipoadhiniwa alikuwa tayari amefunga leso yake.

Siku ya pili, wakati wa kupika, alikwenda kwenye sanduku, akatoa buibui yangu, imekunjwa vilevile alivyoikunja. Akaniwekea magotini. "Chumvi imekwisha," alisema. "Nenda dukani."

Watu huniuliza uhuru una ladha gani, nikiwasimulia, nami huwajibu kwamba una ladha ya chumvi, wakadhani natania. Nilishuka ngazi nikashika mlango na sikuweza kutoka. Miguu ilikuwa imesahau. Mwanga ulinichoma macho, njia ilionekana pana kama uwanja, na nilitamani, Mungu anisamehe, kurudi juu chini ya kiti. Nikasimama pale mpaka Mwalimu Nduku akatoka chumbani kwake na kikapu, akaniona, akatangulia mbele yangu polepole kama anayenionyesha jinsi mtu anavyotembea. Kwenye kona punda alikuja amebeba mawe. Mwenyewe alipiga kelele tupishe. Nikajibanza ukutani nikampisha yule mnyama, na alipopita nilimgusa shingo.

Nilirudi shuleni mwaka uliofuata, nikakaa dawati moja na wasichana wadogo kuliko mimi, kisha nikaenda Mombasa nikasomea ukunga. Niliolewa baadaye na mtu niliyemchagua, aliyefika kwetu akaketi kwenye kiti cha plastiki bila malalamiko. Shangazi alilipa kwa lile alilolifanya. Habari za punda zilienea Amu kabla kahawa haijapoa, na alasiri zake zikawa hazina mgeni. Wanawake walikatisha njia wasimsalimu. Alikaa peke yake kwenye nyumba ile mpaka alipokufa, akisuka mikeka, na kila nilipomwomba aje akae nami alikataa. Mimi alinifungulia. Yeye mwenyewe hakujua tena namna ya kutoka, na hilo linaniuma mpaka leo.

Nilimwuliza mara moja tu kwa nini alifanya vile. Tulikuwa tunachambua mchele, yeye amekwisha kuwa mzee sana. Akatoa jiwe, akalitupa.

"Nalikuwa nikipita mlangoni nikaona miguu yako imetoka tini ya kiti," alisema. "Nikadhani ni yangu."

Haya yote nilimsimulia Salma pale kwenye ngazi, siku ya hitima, simu yake imezimwa mapajani. Aliposikia, alipanda juu akakaa na kiti peke yake. Binamu zangu wanaume, waliokuwa wakikigombania tangu asubuhi, waliposikia kina sanamu kila mmoja akakumbuka kwamba nyumba yake ni ndogo. Basi nikakichukua mimi. Salma alinisaidia mpaka gatini, tukakifunga kwa mkeka wa Shangazi mwenyewe, kikavuka nami.

Sasa kiko sebuleni kwangu, Mombasa. Wageni wakiingia hukishangaa, kiti cha fahari namna ile kimewekwa kichwa chini, miguu juu, kama kilichotayarishwa kuhamishwa. Wengine husema kwa heshima kwamba wanamjua fundi mzuri wa kukitengeneza. Wengine hukishika wakitaka kunisaidia kukisimamisha. Nawaambia wamwache vivyo hivyo, amebeba vya kutosha.